Mnara wa Nyumba ya Nyusi

Wapangaji waliiita Nyumba ya Nyusi, na aliyeiona mara moja hakuuliza sababu. Madirisha yake ya mbele yalikuwa marefu na membamba, vichwa vimekatwa tao, na juu ya kila tao mwashi wa zamani alikuwa ameivimbisha lipu ikapinda kama unyusi wa mtu aliyeambiwa jambo asilolisadiki. Ilikaa kilimani Berea, imebanwa na maghorofa ya flati kulia na kushoto, na kwa nyusi zile ilikuwa kama bibi mkubwa aliyeamka akakuta wageni wamejaa uani. Paa lake halikupanda sana, ila kingo zilitokeza nje kama ukingo wa kofia, zikashikiliwa na vikono vya mbao vilivyochongwa, viwili viwili, mzunguko mzima. Na juu ya vyote, upande wa mashariki, palisimama mnara wa pembe nne wenye madirisha matatu kila upande.

Kidawa aliupenda mnara ule kuliko kitu chochote Durban, ukimtoa mumewe na mtoto. Alikuja kutoka Wete, Pemba, miaka minne nyuma, kumfuata mume wake Jecha aliyekuwa akiuza vitambaa dukani Overport. Mwezi wa kwanza alipotea njia kila alipotoka, mpaka Jecha akamwambia, "Wewe usihangaike na majina ya barabara. Taxi ikifika kwenye robot ya pili, hizi taa za barabarani, inua macho, utafute mnara." Tangu siku hiyo hakupotea tena. Na alipompata binti yao Raya, alimpakata dirishani, akamwambia kwamba kule juu ya vichwa vyao kuna chumba ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiingia.

Hilo lilikuwa kweli. Mnara ulikuwapo, njia ya kuupanda haikuwapo. Ulionekana nje, ndani huukuti.

Na sasa yeye Kidawa ndiye aliyepewa kazi ya kuukata.

Ilianza na mvua za Februari. Maji yalishuka ukutani chumbani kwake, taratibu, mpaka yakafika usawa wa kitanda cha Raya. Mwenye nyumba, Aunty Saroj, mjane wa Kihindi mwenye miguu mibovu na moyo mzuri, akamleta fundi wa mapaa, Mrundi aitwaye Niyonkuru. Niyonkuru alipanda ngazi yake, akakanyaga vigae viwili, vyote viwili vikapasuka, akashuka.

"Maji yanatoka mnarani," alisema, akijipangusa mikono. "Lakini kuufikia, haiwezekani. Nje vigae havibebi mtu, ndani njia hakuna. Ule mnara ni pambo tu, mama, kama lile ua la sukari juu ya keki. Tuukate, tufunge paa, yaishe."

Aunty Saroj alihuzunika, akakubali. Ila nyumba iliyopita miaka sitini haiguswi nchi hii bila kibali, na kibali hakitoki bila ramani. Ndipo Aunty alipokumbuka kwamba mama Raya wa ghorofani husoma uchoraji wa ramani jioni, Jumatatu na Jumatano, kwenye chuo kimoja mjini.

"Binti yangu," alimwambia, "wewe unaijua nyumba hii. Nichoree. Ilivyo sasa, na itakavyokuwa bila mnara."

Mwalimu wake, Nokuphila, aliposikia akapiga makofi. Nyumba halisi! Akamwambia Kidawa kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake ya kumalizia mwaka. Akamweleza kwamba mtindo ule ulitoka Italia, kwenye majumba ya mashambani yenye minara, Waingereza wakauona wakaupenda, wakaubeba mpaka Natal. Kidawa alisikiliza kwa furaha iliyochanganyika na uchungu, kama mtu aliyealikwa harusi ya mchumba wake.

"Jecha, mimi nitauchoraje ule mnara kwa mistari ya vipande vipande?" alimuuliza mumewe. Kwenye ramani, kinachobomolewa huchorwa hivyo.

"Mnara na ukuta mkavu, unataka kipi?"

"Vyote viwili."

"Basi muombe Mungu, mimi si fundi," akasema Jecha, akampokea Raya aliyekuwa akitafuna kona ya karatasi.

Baba yake Kidawa alikuwa mwashi, na utotoni yeye ndiye aliyekuwa akimshikia uzi. Kwa hiyo alipima kama alivyofunzwa na baba: nje kwanza, kisha ndani, halafu unajumlisha uone kama nyumba inakubaliana na nafsi yake. Wiki mbili alizunguka na futi mkononi, Raya mgongoni kwenye kanga. Akapima baraza, akapima kumbi, akapima unene wa kuta, sentimita thelathini na tano za matofali. Wapangaji walimzoea. Mama Immaculée wa chini alimpa hata kiti cha kupandia.

Chumba kimoja tu hakukiingia. Ni cha ghorofani, jirani na chake, walimokaa Papa Léonard na Mama Huguette, watu wazima kutoka Bukavu, yeye fundi cherehani, bibi mwimbaji wa kanisani. Kidawa aliwaheshimu kama wazazi. Kila asubuhi alimwamkia mzee "Shikamoo, baba," naye Papa Léonard, ambaye kwao hawaamkiani hivyo, alijibu kwa furaha, "Sana, sana, mtoto yangu!" Sasa mtu anaingiaje chumba cha kulala cha wazee, akainama chini ya kitanda chao na futi? Kwao Wete hata mtoto wa kuzaa hafanyi hivyo. Kidawa akapiga hesabu tu: akachukua urefu wa ukuta wa nje, akatoa chumba chake, akatoa unene wa kuta, kilichobaki akawapa wazee. Kikatosha barabara, mita tano kamili. Akachora.

Jumatano Mwalimu Nokuphila aliitandaza ramani mezani, akaitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole.

"Vyumba vyako vyote vina namba za ajabu ajabu. Nne na sentimita kumi na tatu. Tatu na tisini na sita. Ndivyo nyumba kuukuu ilivyo, hakuna ukuta ulionyooka. Hiki peke yake ni mita tano kamili. Ulikipima?"

Kidawa akaona haya. "Hapana, mwalimu. Ni chumba wanacholala wazee."

Mwalimu alimtazama, kisha akacheka mpaka akavua miwani. "Hlonipha! Na sisi Wazulu tunayo. Mimi mpaka leo jina la baba mkwe silitamki. Lakini dada, futi haina mkwe. Nenda kapige hodi, uingie kwa adabu zako zote, upime. Bila hicho siwezi kuipokea."

Aunty Saroj alikuwa aje Jumamosi saa nne asubuhi, kuichukua ramani na kutia saini maombi ya kubomoa. Alhamisi Kidawa aliufikia mlango wa wazee akageuka. Ijumaa akaufikia, akainua mkono, akageuka tena. Jumamosi saa mbili akasema bismillahi, akagonga.

"Hodi, mama."

"Karibu, Mama Raya! Iko nini?" Mama Huguette alifungua mlango kiasi cha uso wake tu.

Kidawa alieleza, macho sakafuni.

"Chumba yetu? Ile ya kulala?"

"Nisamehe, mama. Ni kwa ajili ya ramani. Inakwenda serikalini."

"Serikali!" Mama Huguette alishika kichwa. "Léonard! Serikali inataka kuona chumba yangu, na wewe masuruali iko chini! Mama Raya, ngoja. Dakika kumi."

Dakika kumi zikawa saa nzima. Zilisikika droo zikifungwa, kitanda kikiburutwa, na sauti ya Papa Léonard ikiuliza kwani serikali itakuja kulala humo. Mlango ulipofunguliwa, chumba kilikuwa kimepigwa deki, vitambaa vya kufuma vimetandazwa kila mahali. Mama Huguette alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba. Papa Léonard alikuwa na tai.

"Bon," alisema mzee, amesimama wima kando ya kabati kama anayepigwa picha. "Pima."

Kidawa akamweka Raya juu ya kitanda, Mama Huguette akashika ncha ya futi. Wakaivuta toka ukuta wa mwisho wa nyumba mpaka ukuta wenye kabati. Kidawa akasoma. Akaomba waivute tena, chini kabisa, usawa wa sakafu. Akasoma tena.

"Mbona umekuwa hivyo?" aliuliza Papa Léonard. "Iko mbaya?"

"Mita tatu na sentimita sabini na mbili."

"Na ilipaswa kuwa?"

"Tano."

Papa Léonard alikitazama chumba chake, ukuta hadi ukuta, kama anakiona leo. "Huguette, unasikia? Miaka kumi na moja tuko hapa. Banatuibia mita!"

"Labda ni wewe umenenepa," alisema mkewe.

"Mama Raya, wewe ndiye umeichukua! Chumba yako iko kubwa."

"Wallahi sijaichukua, baba, chumba changu nimekipima mara tatu!" Kidawa alicheka. Mita nzima na robo. Baba yake asingekosea hivyo hata kwa kamba ya mnazi. Akaenda dirishani, akachungulia nje, akahesabu madirisha ya ghorofa yao. "Baba, nyinyi mna madirisha mangapi?"

"Mbili. Hii, na ile."

"Na mimi mawili. Manne. Lakini nje, ghorofa hii, mbele, ni matano." Akageuka. "Lile la katikati, lenye vibao vya luva za kijani zisizofunguliwa… mimi siku zote nilidhani ni lenu."

"Letu?" Mama Huguette alifungua mdomo. "Sisi tulijua ni yenu! Mimi nilisema na Léonard: wale watu wa Zanzibar banapenda giza, ni desturi yao, tuwaache."

"Na mimi nilisema kwa Jecha, labda mama anaumwa macho, si vizuri kuuliza."

Walitazamana. Miaka minne dirisha limefungwa, na kila mmoja alikuwa akimsitiri mwenzake. Aliyeanza kucheka ni Mama Huguette, na kicheko chake cha kwaya kilijaza chumba mpaka Raya naye akaanza kupiga kelele za furaha, hajui kwa nini.

Papa Léonard yeye hakucheka. Alikwisha kulegeza tai. Alilisukuma kabati kwa bega, akaugonga ukuta nyuma yake kwa ngumi. Upande wa kulia ukuta uliitika kama ukuta. Upande wa kushoto uliitika kama ngoma.

"Mbao," alinong'ona mzee. "Bameipaka rangi moja na ukuta. Huguette, lete kitu!"

"Usiguse!" Kidawa alimshika mkono, akausahau woga wote wa kumgusa mzee. "Nyumba si yetu, baba. Na haiguswi bila kibali. Tumngoje Aunty."

Aunty Saroj alifika saa nne kasoro, fimbo mkono mmoja, bahasha ya maombi mkono mwingine, Niyonkuru akimfuata nyuma na mfuko wa vyombo. Aliwakuta watu watatu na mtoto wamejipanga mbele ya ukuta mtupu, mmoja ana tai, mmoja ana kilemba. Hakujua acheke au apige simu.

Kidawa akamweleza kwa Kiingereza, akamwonyesha namba kwenye ramani: huu ukuta wa nje, hiki chumba changu, hiki chao, na hapa katikati, Aunty, hapa kuna mita moja na robo isiyo na mwenyewe. Yenye dirisha.

Aunty alisogeza uso mpaka pua ikakaribia karatasi. "Mume wangu aliinunua hivi hivi, imeshagawanywa vyumba," alisema polepole. "Sisi tulidhani…" Hakumalizia. Akamwelekea Niyonkuru. "Wewe uliniambia njia hakuna."

"Niliambiwa na macho, mama," alisema Niyonkuru.

"Mbao si za asili," Kidawa aliwahi kusema. "Tazameni, misumari si ya zama za nyumba hii. Tukizitoa taratibu, tunarudisha nyumba ilivyokuwa, hatuiharibu."

Aunty akakubali kwa kichwa. Niyonkuru akaingiza chuma chake kwenye ufa, akabinya. Mbao ya kwanza ilitoka kwa mlio mrefu, na vumbi likamwagika juu ya kitambaa cha kufuma cha Mama Huguette, ambaye kwa mara ya kwanza hakujali. Mbao ya pili. Ya tatu. Nyuma yake palikuwa na mlango bila mlango, tao jembamba kama la madirisha, na ndani ya tao, vidato vya mbao nyeusi vikipanda na kupinda gizani.

Kisha Papa Léonard akasema, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, "Iko ngazi mu chumba yangu."

Niyonkuru alitangulia, akipiga kila kidato kwa kisigino kabla ya kukikanyaga. Kidawa akafuata, futi mfukoni, Raya amemwachia Mama Huguette. Mkono wake wa kushoto uliusugua ukuta ulio baridi, na alipojua ni ukuta gani alisimama. Ni ule ule. Mtoto wake alikuwa akilala kila siku sentimita thelathini na tano kutoka kwenye ngazi hii. Ngazi ilipopinda, lile dirisha lisilo na mwenyewe lilikuwa hapo, luva zake zikipitisha mwanga mwembamba kama vidole.

Juu kulikuwa na chumba kidogo cha pembe nne, madirisha kumi na mawili, na benchi la mbao lililozunguka kuta zote. Vumbi lilimeza nyayo. Niyonkuru hakushangaa vitu hivyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona iliyolowa, akafungua dirisha kwa kulipiga kiganja, akatoa kichwa nje. Kidawa alimngojea kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Dada," sauti yake ilitoka nje, "njoo ucheke."

Mfereji wa paa, pale ulipozunguka mnara, ulikuwa umejazwa viota vya ndege, kimoja juu ya kingine, miaka na miaka, umeziba kama chupa yenye kizibo. Maji yalikosa pa kwenda yakarudi ndani. Na kioo kimoja kilikuwa kimevunjika. Ni hayo tu.

"Kuusafisha mfereji, kutia kioo, kuziba huku na huku," Niyonkuru alihesabu, akikwepa macho ya Kidawa. "Siku mbili. Tatu kama naringa." Akajikuna shingo. "Hii mikono ya mbao chini ya paa, mizima kabisa. Aliyejenga hapa alikuwa mtu. Ningeukata huu mnara, ningelaaniwa."

Walifungua madirisha yaliyokubali kufunguka, saba kati ya kumi na mawili. Na hapo nyumba ikafanya jambo ambalo hakuna mpangaji aliyewahi kuliona. Joto lote lililokaa vyumbani likapata pa kutokea, hewa ilipanda ngazini kwa mvumo, ikampeperushia Kidawa mtandio, na kutoka chini kabisa ikasikika sauti ya Mama Immaculée ikiita, "Nani amewasha feni?" Mapazia ya nyumba nzima yalikuwa yameinama ndani.

Mnara haukuwa pambo. Ulikuwa pua.

"Aunty!" Kidawa aliita ngazini. "Aunty, laiti ungeweza kuja uone!"

"Kwa miguu hii?" ilijibu sauti ya Aunty Saroj. Lakini fimbo ilikwisha kusikika kwenye kidato cha kwanza. Papa Léonard alimsukuma kwa heshima kutoka nyuma, Niyonkuru akamvuta kutoka mbele, na baina yao Aunty alikuwa akimwita Mungu kwa Kitamil. Alipofika juu alijitupa kwenye benchi, akafumba macho, upepo ukichezea nywele zake nyeupe. Alipoyafumbua, mji wote ulikuwa miguuni pake: flati, misikiti na makanisa, kreni za bandarini, meli zenye makontena zimepangwa nje kama zinazongoja kuitwa.

"Mama yangu alikuwa akiuza mboga mtaa huu," alisema baadaye, bila kumtazama mtu. "Kikapu kichwani, mlango wa nyuma, kila nyumba. Sisi Wahindi hatukuruhusiwa kuishi hapa. Alikuwa akisimama pale chini kwenye kona, jasho linamtoka, anautazama mnara huu, ananiambia: Saroj, huko juu lazima kuna upepo." Akapumua. "Upo, Amma."

Kidawa akakaa karibu naye. Mama Huguette naye akawa amefika, Raya mkononi, kilemba kimekwenda upande, akilalamika kwamba kuanzia leo nyumba nzima itapita kitandani kwake. Papa Léonard akatangaza masharti papo hapo: hodi kwanza, viatu mkononi, na hakuna kupita kabla ya saa tatu siku ya Jumapili.

"Na mimi mwenye nyumba?" aliuliza Aunty.

"Wewe, mama, saa mbili na nusu."

Aunty alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaitoa ile bahasha ya maombi kutoka kwapani, akaitazama, akaikunja mara mbili, akaichomeka penye kioo kilichovunjika ili upepo usimpige mtoto. "Binti yangu," alimwambia Kidawa, "chora upya. Andika kwamba tunatengeneza. Na ngazi iwemo, kila kidato. Utaweza kuimaliza kabla mwalimu wako hajakasirika?"

"Nitaweza, Aunty. Naanza sasa hivi."

"Sasa hivi chai kwanza. Mwambieni Immaculée alete chai huku huku, mimi kushuka sishuki mpaka mchana."

Raya alikuwa amewekwa sakafuni, akitambaa kwenye vumbi la miaka yote ile na kuacha njia nyuma yake. Kidawa alipiga magoti, akatoa futi, akaipeleka ukutani, ikagota kwenye viatu vya mwenye nyumba.

"Samahani, Aunty. Inua miguu kidogo."

Aunty Saroj akashika benchi kwa mikono miwili, akainua miguu yote miwili hewani kama msichana kwenye bembea, na futi ikapita.